Sakafu ya Kumngoja Kabula

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia banda la gari. Kuku wamelala humo tena. Nimewafukuza, wamerudi, nimewafukuza. Wanaona hamna gari, wamejipa nyumba. Siwalaumu sana. Tangu mzee wangu afe na ile pikapu yake iuzwe, humo mna magunia, majembe na mizinga mibovu ya nyuki ya kaka yangu wa Kwihara.

Mchana Kabula kapiga simu kutoka Dar. Mjukuu wangu huyu nimemlea mimi, tangu binti yangu alipofariki akamwacha hajaota meno. Sasa ni fundi wa magari. Mtu mzima, mikono myeusi kwa oili. Kasema amechoka kufanya kazi kwenye gereji ya watu, anataka yake mwenyewe.

"Bibi, lile banda la babu bado limesimama?"

Nimemwambia limesimama kuliko mimi.

Kasema atakuja mwezi ujao aliangalie. Likifaa atafungua gereji hapa hapa nyumbani, Ng'ambo ya Tabora. Lisipofaa, yuko rafiki yake Dodoma, Neema, anamtaka washirikiane. Huko gereji ipo tayari. Sakafu inang'aa, kasema, nati ikidondoka unaiona papo hapo.

Nimekaa kwenye kigoda nikaitazama sakafu yetu. Simenti imeliwa. Kuku wamechimba mashimo ya kuogea vumbi. Namtaka yule mtoto arudi.  Basi sakafu itatengenezwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda mjini na Zuhura. Jirani yangu huyu tumezeeka pamoja, yeye msikitini, mimi kanisani, umbea mmoja. Tumezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi mpaka miguu imevimba.

Muuzaji katuuliza, "Bibi zangu, sakafu ya sebule?"

Nikamwambia ya gari. Kacheka. Nikamuuliza yeye alizaliwa juu ya vigae? Kaanza kutuonyesha vitu kwa adabu.

Iko rangi ya kawaida ya sakafu, unapaka kwa brashi. Viko vigae. Iko epoksi, vitu viwili vya majimaji unavichanganya, unamwaga, inaganda kama kioo. Iko pia simenti ya kulainisha tu, kama ya sebuleni kwangu. Zuhura kapenda vigae vyenye maua. Kavipapasa kama kitenge. Nimemwambia hilo ni bafu la bibi harusi. Kasema ndiyo, na mjukuu wako akiliona ataolewa humo humo.

Nimecheka. Nimerudi na kigae kimoja cha kujaribia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekilaza kigae chini, nikachukua spana kubwa ya mzee wangu, nikaiachia kutoka kiunoni. Kigae kimepasuka katikati. Zuhura kaona huruma kama mtu kavunjika mguu.

Vigae hapana.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Kabula kapiga simu. Tumepanga mengi. Mlango wa zamani utoke, uwekwe wa chuma, mpana, gari liingie bila kukunja vioo. Dirisha upande wa nyuma, moshi utoke. Taa pande zote mbili, maana taa moja katikati inampa kivuli chini ya boneti. Soketi za kutosha. Meza ya kazi ukutani. Sakafu iinamie mlangoni kidogo, maji yasisimame.

Rangi ya kawaida kaikataa. Kasema petroli ikimwagika inabanduka kama ngozi iliyoungua na jua. Anataka epoksi, ya kijivu.

Halafu kasema anataka shimo. Shimo katikati ya banda, la fundi kusimama ndani na gari liwe juu yake.

Nimesema hapana.

Kasema gereji zote nzuri zina shimo.

Nimesema hapana tena. Kitu kirefu kama mtu, chembamba kama mtu, kichimbwe ndani ya nyumba yangu, halafu wewe ushuke humo kila siku na mimi nakuona? Nimeshasimama ukingoni mwa shimo la mama yako. Nimesimama la babu yako. Sichimbi.

 

"Basi, mke mwenzangu," kasema. "Nitatumia jeki na stendi."

Tunaitana hivyo tangu akiwa mdogo, bibi na mjukuu wake wa kike, wake wa mzee mmoja. Alikuwa akimwambia babu yake, leo unakula kwangu, huyu kazeeka. Nyumba nzima inacheka. Nimeikosa sauti ile humu ndani. Kwenye simu ni nyembamba.

Ijumaa, 15 Agosti

Fundi amekuja. Anaitwa Masoud, kijana wa hapa hapa Ng'ambo, kashamwaga sakafu za hoteli. Anaongea kidogo, nampenda kwa hilo. Kachimbua simenti ya zamani yote, kamwaga mpya. Kasema lazima ikauke vizuri kabisa kabla ya epoksi. Ikishaganda atabandika kipande cha nailoni chini kwa utepe pande zote. Akija na kukuta jasho chini ya nailoni, unyevu bado unapanda.

Nimemwambia ungekuja enzi za mama yangu Kwihara. Sakafu yetu ilikuwa udongo wa kichuguu, wanawake wa mtaa mzima wanakuja na vipande vya mti, wanapiga chini wakiimba mpaka inakuwa ngumu kama chungu. Hatukuulizana jasho.

Masoud kasema, "Lakini bibi, hamkuwa na magari."

Jibu zuri. Nimempa uji.

Mlango wa zamani umetoka. Kwa ndani bado una herufi za mkaa. Kabula ndiye alinifundisha kusoma, yeye darasa la tatu, mimi sijawahi kukaa kwenye dawati. Alikuwa mkali. Nikikosea ananipiga kidole. Vijana wa Masoud walitaka kuukata kuni. Nimeubeba na Zuhura tukauegemeza nyuma ya jiko. Hauchomwi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mambo ya kungoja. Kabula kasogeza safari, kasema bosi hajamwachia. Simenti inakauka. Mimi nakauka nayo.

Nimepika ugali mwingi tena. Mkono haujazoea mtu mmoja.

Jumanne, 16 Septemba

Masoud kafunua nailoni. Pakavu. Kafurahi. Kaiosha sakafu kwa dawa kali, imechemka mapovu, kasuuza sana. Kasema dawa inaikwaruza simenti ipate kushika. Kasema nisiiguse mpaka arudi. Nisipitishe kuku, nisimwage maji, nisiweke gunia.

Sakafu imepauka. Mbaya. Nyeupe nyeupe kama magoti ya mtoto asiye na mwenyewe.

Alhamisi, 18 Septemba

Naiona kila nikipita. Inanikera.

Mtoto hajawahi kutoka mlangoni kwangu amepauka. Hata siku ambazo hatukuwa na mboga, mafuta ya kumpaka Kabula yalikuwepo. Watu wanamtazama mtoto wako ngozi, wanajua moyo wako. Na sakafu ni hivyo hivyo. Mgeni akija, sakafu inapakwa nta. Mama mkwe wangu alinifundisha hilo wiki niliyoolewa, na sebule yangu haijawahi kukosa. Nta tunayo, kaka yangu analeta madonge ya manjano kila akirina asali.

Leo nimeyeyusha donge, nimetia mafuta ya taa kidogo. Nimeingia bandani, nimepiga magoti, nimepaka pote, pembe kwa pembe. Kisha nimefuta kwa gunia, nimefuta na kanga kuukuu, mpaka imekunywa yote. Haing'ai sana. Imetulia tu. Imepata rangi ya uhai.

Masoud alitaja kuku, maji na gunia. Nta hakuitaja.

Mgongo unauma. Nina furaha.

Jumamosi, 20 Septemba

Masoud kamwaga epoksi. Kapitisha mkono kwanza, kaniangalia, kaangalia dari, kasema hewa ya leo nzito. Halafu akaendelea. Kijivu kizuri. Kama mbingu ya Tabora asubuhi mvua inapofikiria.

Haruhusiwi mtu kukanyaga wiki nzima. Nimefunga mlango mpya. Ufunguo uko shingoni.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kesho anaingia. Anaendesha mwenyewe, anapitia Dodoma na Itigi. Nimechinja jogoo. Nimetandika kitanda chake. Nimekitandua, nimekitandika tena.

Nimeingia bandani na viatu mkononi. Taa zote zinawaka. Hamna kivuli. Nimesimama katikati nikasema kwa sauti, Kabula, karibu. Nisikie neno linavyotoka. Mwaka mzima sijalitamka hilo kwa mtu aliye mlangoni.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kafika. Joto la mchana, gari limejaa vumbi, amekonda. Kapiga goti, shikamoo bibi. Nilisahau kuitikia. Nimemshika tu. Ananuka petroli na safari.

Kaingiza gari bandani moja kwa moja, hajapinda hata mara moja. Kashuka, kazunguka, kagusa ukuta, meza, soketi. Kasema, "Mke mwenzangu, hii ni gereji."

Zuhura kapiga vigelegele kutoka kwake ng'ambo ya ua. Hata hakuitwa.

Kala mapaja yote mawili. Namsikia anakoroma sasa hivi chumba cha pili. Sitaki kitu kingine duniani.

Jumapili, 5 Oktoba

Asubuhi kalirudisha gari nyuma twende nalo kanisani. Sakafu imekuja nalo.

Naandika nilivyoona. Pale matairi yaliposimama, epoksi imenasa kwenye mpira, imenyanyuka vipande vipande kama utando wa maziwa. Sehemu nne. Chini simenti tupu. Kabula kavuta pembeni kwa kidole, ikaendelea kubanduka, kirahisi, mpaka kati.

Kasema matairi yakitoka safari ndefu yana moto, yanavuta. Lakini sakafu iliyoshika haivutwi.

Nimemwita Masoud. Nimemwambia maneno. Tapeli, mvivu, sakafu ya karatasi. Majirani wamesikia. Kasimama pale kofia mkononi. Kasema labda unyevu. Nikamwambia nailoni yako ndiyo yenye unyevu. Kaondoka.

Kanisani sikwenda. Ningeimba nini.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kabula kachukua kipande kilichobanduka. Kakigeuza, kakikwangua upande wa chini kwa ukucha, kakinusa. Kakinusa tena. Kaniangalia.

"Bibi. Hii inanuka asali."

Nilikuwa nachambua mchele. Nimeendelea kuchambua.

"Bibi, uliipaka nta?"

"Ilikuwa imepauka."

"Sakafu si mtoto, bibi!"

"Kwako wewe."

Kakaa chini pale pale mlangoni. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, mpaka kanga imemtoka begani. Kasema epoksi inataka simenti yenye kiu, na mimi nimeinywesha kwanza. Kasema Dar nzima hakuna fundi aliyewahi kukuta ugonjwa huu. Zuhura kaja kuuliza kuna nini, kaambiwa, naye kaketi chini. Wamecheka kwa zamu. Nimewaacha.

Jioni nimekwenda kwa Masoud na kuku wawili na chupa ya asali. Nimemwambia ni mimi. Kasema alihisi kitu mkononi siku ile, kidogo, akaogopa kumuuliza mtu wa umri wangu. Nimemwambia siku nyingine aogope kutoniuliza. Kakubali kuja na mashine ya kusaga, aondoe nta yote, amwage upya.

Jumatano, 8 Oktoba

Tunakwangua. Mimi kwenye kigoda na patasi, Kabula magotini. Vinakuja vipande vikubwa, vingine vidogo kama magamba ya samaki. Zamani tulikuwa tunamenya karanga hivi hivi, kila mtu na rundo lake, yeye anaiba kwangu.

Nilikuwa natamani vipande visiishe.

Kasema bila kuinua kichwa. Kasema ameshakubaliana na Neema. Dodoma. Wiki mbili kabla ya kuja hapa. Hakutaka kuniambia kwa simu.

Nimeuliza ni sakafu?

Kasema si sakafu. Sakafu hii hata ingekuwa dhahabu. Kasema kule wateja wapo mlangoni, magari ya maofisi. Hapa wateja wake watakuwa wajomba watupu, kila mmoja atataka kutengenezewa bure na kula chakula cha mchana juu yake. Hilo ni kweli. Nawajua wajomba hao.

Nimeuliza kwa nini aliacha nimwage yote haya.

Kasema mwanzo alitaka kweli. Halafu kila akipiga simu nikawa na jipya. Mlango umefika. Taa zimefungwa. Sauti yangu ilikuwa imerudi, kasema, tangu babu afe hakuwahi kuisikia. Akashindwa.

 Nimekwangua mpaka jua limezama.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nina hasira. Nimemsongea ugali mgumu makusudi. Kaula wote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi kaja mlangoni kwangu, "Mwangaluka, bibi." Salamu ya Kinyamwezi, kama mtoto. Nimekaa kimya. Kasema tena. Kasema tena, akajitupa kitandani kwangu na miguu yake mirefu, akaweka kichwa hapa kwenye paja. Kichwa kizito. Nywele zina vumbi la sakafu.

Nimeitikia. Ningefanya nini? Nilimlea awe na mikono yake mwenyewe. Nimepata nilichokilea, na ninakilia.

Nimemsuka mpaka saa ya chakula. Hatukuzungumza gereji.

Jumapili, 12 Oktoba

Masoud alisaga jana, leo kamwaga. Kabula alisema tuache, fedha ya sakafu itumike kwa mambo mengine yangu. Nimesema hapana. Chumba hakiachwi kimechunwa. Masoud kaniuliza mara tatu mbele ya Kabula kama nimegusa kitu. Mara tatu nimesema sijagusa. Wamecheka, nami nimecheka.

Sakafu ikiwa bado mbichi, Kabula kaondoka. Gari lilikuwa nje, chini ya jua. Nimempa mchele, asali, karanga, na ile spana kubwa ya babu yake. Kaichukua kwa mikono miwili.

Kasema, "Usimpikie mzee vibaya nikiwa sipo."

Nikamwambia huyo mzee sasa wangu peke yangu.

Kaendesha polepole mpaka kona. Pale kona hakusimama. Vizuri. Angesimama ningeanguka.

Jumanne, 14 Oktoba

Kafika. Kapiga. Neema kampikia. Nimesema mwambie asante.

Nimetandua kitanda.

Jumatatu, 27 Oktoba

Joto. Sakafu imekauka, imeshika. Masoud kaikwaruza kwa kisu pembeni kunionyesha. Haitoki. Kazi safi. Nimefunga mlango.

Zuhura kasema niweke mahindi humo. Nimemwambia aweke ya kwake kichwani.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ya kwanza. Imepiga bati kama watu wanamwaga kokoto. Baada ya ibada nimekaa barazani.

Nesi wa hospitali ya Kitete, yule binti aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu, kaja na mwavuli. Shikamoo nzuri, kainama. Kasema gari lake linalala nje, jua linalibabua, sasa mvua. Kasikia nina banda halina gari.

Nilitaka kumwambia lina gari. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

Kisha nimemtazama viatu vyake, vimelowa. Ana umri ule ule. Mama yake, sijui yuko wapi, naye labda anapika ugali mwingi.

Nimemwambia alete. Nimemwambia mlango huo wa mjukuu wangu, siku akija, gari lako linatoka saa ile ile. Kasema sawa bibi, anakuja lini?

Nimesema sijui.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimefungua mlango wote, hewa ipite. Mvua imekatika mchana. Nimepika kidogo, karibu sawasawa.

Jioni nimesikia gari linaingia uani. Nilijua si la Kabula. Nimeinuka hata hivyo, nikatoka barazani.